Mkia Usiokimbia

Mwaka 2020, wiki chache baada ya serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya tarehe 13 Machi, mama mmoja anayetengeneza sabuni ya maji karibu na steji ya 46, Kawangware, alinipigia simu. "Mwalimu, hii sabuni imenigeuka. Imekuwa maji matupu." Nikamuuliza ametia nini. Ungerol, asidi ya salfoniki, chumvi, rangi, manukato, kama siku zote. Akanyamaza kidogo. "Na spiriti lita 2, iue virusi."

Mtungi wenyewe ulikuwa wa lita 20. Wateja wake, wa pale na wa Kibera, walikuwa wakiuliza sabuni na sanitaiza, akaona awauzie vyote kwa chupa moja. Wazo halikuwa baya, ila kemia ililikataa.

Molekuli ya Ungerol, ile malighafi inayoipa sabuni povu, ina umbo kama la kiluwiluwi: kichwa kinachoelewana na maji na mkia wa jamii ya mafuta. Tunazoea kusema mkia unayachukia maji. Mimi naona ni maji yanayoufukuza, maana molekuli zake zimeshikana sana na hazitaki mgeni wa kuzitenganisha. Mikia mingine hukimbilia juu na kuchungulia hewani, na huko ndiko ngozi ya povu inakotokea. Nafasi ya juu ikijaa, molekuli zilizobaki hujikusanya, mikia ndani, vichwa nje. Fungu hilo huitwa miseli. Kwa sodiamu dodesili salfeti, binamu wa Ungerol, huwa na molekuli 60 hivi. Mafuta ya sufuria ya matumbo huingia humo ndani yakasuuzwa.

Na chumvi je? Vichwa vina chaji hasi, vinasukumana. Chumvi huvituliza, miseli zikarefuka kama minyoo, zikasokotana kama tambi ndani ya sufuria. Uzito ule ambao mteja huupima kwa kuinamisha chupa ni msokotano huo. Ukizidisha chumvi sabuni hulegea tena, na kila mtengenezaji ana siku yake ya kusimulia.

Sasa mweke kiluwiluwi huyo ndani ya ethanoli, alkoholi ya kwenye spiriti. Ethanoli nayo ina kamkia kake kafupi, kwa hiyo inaelewana na maji na mafuta pia. Mkia wa sabuni haufukuzwi na mtu. Molekuli zinatangatanga mojamoja, miseli hakuna. Juu nako hakuna msongamano: mvutano wa uso wa maji ni kama milinyutoni 72 kwa mita, nao sabuni huushusha hadi thelathini na kitu, wa ethanoli tayari ni 22, sabuni itashusha nini? Tia tone la Ungerol kwenye chupa ya maji na jingine kwenye chupa ya spiriti, utikise. Ya maji itajaa povu hadi shingoni. Ya spiriti, viputo vitapasuka kabla hujaiweka mezani. Sanitaiza za povu zipo, lakini hizo hutumia molekuli zenye mikia ya silikoni, ambayo hata alkoholi haielewani nayo vizuri.

Spiriti ya mama ilikuwa ya asilimia 70. Katika lita 20, hiyo ni kama asilimia 7 ya alkoholi. Haikutosha kuvunja miseli zote, ila ilitosha kuikata ile minyoo. Naye akaongeza chumvi, konzi baada ya konzi, mpaka mtungi ukawa na ukungu. Asilimia 7 haiui virusi wala haitishi. Kitakasa mikono cha ethanoli kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani kina asilimia 80. Kinachochekesha ni kwamba sabuni yake ya kawaida ilikuwa tayari inaiweza kazi hiyo: mikia huzama kwenye utando wa mafuta unaovifunika virusi vya Korona, ikauchanachana.

Nilimwambia asimwage. Bado ilikuwa inasafisha. Mwenye choo cha kulipia huko Kibera aliuchukua mtungi mzima kwa bei ya sabuni ya sakafu, akauliza tu kwa nini inanuka hospitali.