Fyuzi Imekatika? Usiinyamazishe!

Je, mtaani kwenu pikipiki za umeme zimeshaingia? Nairobi, Kigali na Dar es Salaam zipo. Hazitoi moshi, hazina kelele. Madereva wengi hubadilisha betri kituoni, lakini wapo wanaochaji nyumbani usiku kucha watu wakiwa wamelala. Hapo ndipo inabidi uwe macho.

Mbona birika haliunguzi nyumba?

Birika hufanya kazi dakika chache, maji yakichemka basi. Chaja hukaa saa nyingi. Waya unaovumilia mzigo mkubwa kwa dakika tano unaweza kushindwa ukiubeba hadi asubuhi, kwa sababu joto linazidi kujikusanya.

Tupige hesabu kidogo. Unakumbuka fizikia? Wati ukigawanya kwa volti unapata ampea. Tuseme umeme wa nyumbani ni volti 230. Chaja ya wati 690 inavuta ampea 3. Pasi ya wati 1,150 inavuta 5. Birika la wati 2,300 linavuta 10. Ukichomeka vyote kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, jumla ni 18. Umezidisha! Tena joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme. Umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kwa hiyo ampea 18 mahali pa 13 zinaleta joto karibu mara mbili.

Fyuzi inafanya nini?

Ndani ya fyuzi kuna waya mwembamba uliowekwa makusudi ukatike kwanza, kabla nyaya za ukutani hazijaungua. Ikikatika inakuambia, "Mzigo umezidi, au kuna hitilafu." Sasa wako watu wanaoziba pengo lake kwa msumari au karatasi ya sigara. Kweli, umeme utarudi. Ila sasa kitakachoungua kwanza ni nyumba.

Halafu usijidanganye: fyuzi hulinda waya, haikulindi wewe. Umeme usiofika hata ampea 1 ukipita kwenye moyo unaweza kuua, na fyuzi ya ampea 13 wala haitashtuka. Kinachosaidia hapo ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida hukata ukivuja ampea 0.03. Muulizeni fundi umeme kama kwenu kipo.

Ufanye nini?

• Chaja ichomekwe peke yake kwenye soketi ya ukutani. Ikibidi kutumia ekstensheni, ikunjue yote, kwani waya uliozungushwa hauwezi kupoa.
• Baada ya nusu saa, gusa plagi kwa nje. Ikiwa ya moto, imebadilika rangi au inanuka plastiki, zima swichi.
• Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ampea zilezile. Ikikatika tena, itwe fundi.
• Betri isichajiwe mlangoni wala kwenye njia ya kutokea. Ikishika moto, mtapita wapi?
• Mtu akinaswa na umeme, usimshike! Zima umeme kwanza, ndipo umsaidie, na ita watu wazima.

"Lakini chaja si yangu!"

Ni ya kaka au baba mdogo, na unaogopa kuonekana mjuaji? Mwambie kwa heshima: "Baba mdogo, plagi inachoma. Naomba uiguse mwenyewe." Akishaigusa hutahitaji maneno mengi.

Leo ukirudi nyumbani, soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, kisha jumlisha ampea. Ekstensheni yenu inabeba ngapi?