Afya: Sukari ya tunda na sukari ya chupa hazilingani

Mjini Goma, Bukavu ao Lubumbashi, mzazi anaponunua juisi ya chupa yenye picha ya chungwa, mara nyingi anaamini kwamba amempa mtoto tunda. Lakini picha si tunda. Kuna sukari iliyomo ndani ya chakula chenyewe, na kuna ile inayoongezwa kiwandani ao jikoni. Kuzitofautisha kunagusa meno, uzito na afya ya jamaa nzima.

Sukari ya asili imo ndani ya chungwa, ndizi, papai na hata maziwa. Katika tunda zima, sukari hiyo iko pamoja na maji na nyuzinyuzi. Mtu anatafuna, tumbo linajaa, na sukari inaingia katika damu polepole. Chungwa moja la kadiri lina gramu 12 hivi za sukari, na ni wachache wanaokula matatu mfululizo. Lakini yakikamuliwa, gilasi moja inabeba sukari ya machungwa mawili ao matatu, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi inabaki kwenye chujio.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, OMS, linaweka juisi ya matunda, hata ile ya nyumbani, pamoja na asali, katika kundi moja na sukari ya kuongezwa. Mwongozo wake wa 2015 unaomba sukari ya kundi hilo isifike asilimia 10 ya nguvu ambazo mtu anapata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2000, hiyo ni gramu 50, yaani vijiko vidogo 12 hivi. Kushuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Mtoto anakula kidogo, basi kipimo chake pia ni kidogo.

Tuhesabu. Kinywaji tunachokiita « sucré », na jina lenyewe linajieleza, mara nyingi kina gramu 10 hivi kwa kila mililita 100. Chupa ya santilita 33 inabeba vijiko 8. Ongeza vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko viwili, na tayari ni 12. Mandazi na biskuti hatujavihesabu.

Wengine wanasema sukari ya kahawia haina shida kwa kuwa inatoka kwenye miwa. Nyeupe pia inaweza kutoka kwenye miwa hiyo hiyo. Zote mbili ni za kuongezwa.

Kwenye paketi, tafuta maneno « dont sucres ». Namba hiyo inachanganya sukari zote. Yaurti isiyotiwa kitu ina gramu 5 hivi kwa kila gramu 100, ambazo ni za maziwa yenyewe. Ukikuta 12, ujue karibu 7 zimeongezwa. Kisha soma orodha ya « ingrédients »: kinachotangulia ndicho kingi. « Sirop de glucose » nayo ni sukari.

Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, OMS inashauri tangu 2023 wasipewe vinywaji vyenye sukari. Mwenye kisukari amuulize muganga wake hata kuhusu kiasi cha matunda.

Kwa wengine, hatua ya kwanza ni nyepesi: punguza kijiko kimoja katika chai, mpe mtoto maji safi, na kabla ya kulipa chupa, tazama kwanza meza ya mama muuza ndizi.