Kutoka Sanduku la Shule hadi Kasha la Kompyuta

Sogeeni karibu, vijana. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina hadithi ya bati.

Kila Januari, ukipita kwa mafundi wa jua kali mjini Kitale au Bungoma, utasikia nyundo zikigonga tangu asubuhi. Yanatengenezwa masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni. Fundi hupima, hukata kwa mkasi wa bati, hukunja kingo, hupiga riveti, hufunga bawaba na komeo, kisha hupuliza rangi. Shule zikishafunguliwa, wateja wa masanduku hupungua. Mikono hiyo hiyo inaweza kutengeneza kasha la kompyuta, na mimi sioni kwa nini kazi hiyo iachiwe viwanda vya mbali.

Msidhani kompyuta zilizaliwa na makasha yake. Mwaka 1976, kule California, Steve Jobs na Steve Wozniak walianza kuuza kompyuta iitwayo Apple-1 kwa dola 666.66. Mnunuzi alipewa ubao wa saketi tu. Kibodi, skrini na kasha alijitafutia mwenyewe. Basi watu wakageukia mbao. Baadhi ya makasha yalitengenezwa kwa mbao ya koa, mti wa Hawaii, na kompyuta moja ya aina hiyo ilinadiwa mwaka 2021 kwa dola 400,000.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme kuna binti wa Kiminini, kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, aliyesomea kompyuta. Anamwendea fundi wa masanduku.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri, mwanangu. Unaenda shule gani, nikupimie sanduku?"

"Siendi shule, mzee. Sanduku ni la hii." Anamwonyesha mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta.

Mzee anaugeuza huku na huku. "Na hii inataka kulalaje?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni vipimo. Tangu 1995, kampuni ya Intel ilipotoa utaratibu unaoitwa ATX, mazabodi nyingi zimefuata vipimo vinavyojulikana. Ile kubwa ya kawaida ni milimita 305 kwa 244. Ya wastani ni 244 kwa 244. Ndogo kabisa kati ya zinazopatikana kwa urahisi ni 170 kwa 170. Mashimo ya skrubu nayo yana mahali pake. Lakini jihadharini na kompyuta za ofisini zinazoletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimetumika: baadhi zina mazabodi na pawa saplai (kile kifaa kinacholisha kompyuta umeme) za umbo la kampuni iliyozitengeneza pekee. Hizo lazima uzipime moja moja.

Binti analaza mazabodi juu ya kipande cha katoni, anapitisha penseli kwenye kila shimo, kisha anamkabidhi mzee ile katoni. Mzee anaibandika juu ya bati, anagonga alama kwa msumari, anatoboa kwa drili. Katoni hiyo isitupwe. Ikiandikwa vipimo na kuhifadhiwa, kasha la pili la aina hiyo halitahitaji kupimwa upya.

Mazabodi haiwekwi juu ya bati moja kwa moja, kwani umeme utapita usikotakiwa na kuiunguza. Huinuliwa kwa viguzo vifupi vya shaba vyenye uzi wa skrubu. Kingo zote zipigwe tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, na unga wa chuma ufutwe wote kabla kifaa chochote hakijaingia. Chembe moja ikinasa kati ya pini mbili, hasara ni ya mteja na lawama ni yako. Pawa saplai msiifungue hata kidogo: ndani yake mna sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Ifungeni kama ilivyo, na muitumie kwa waya wenye pini tatu, ile ya ardhi ikiwa imeunganishwa.

Halafu kuna joto. Feni ya mbele huvuta hewa baridi, feni ya nyuma hutoa hewa moto. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kuna baridi. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, na joto lake mnalijua. Vumbi halibagui mji. Mbele ya feni wekeni wavu mwembamba unaofunguka, ili mwenye kompyuta aupanguse mwenyewe.

Tusije tukasahau hesabu. Kasha la sentimita 45 kwa 40 kwa 20, pamoja na bamba la ndani la kushikia mazabodi, hula karibu mita ya mraba moja ukihesabu mikunjo na vipande vinavyopotea. Bati la futi nane kwa nne lina karibu mita tatu za mraba. Kwa hiyo mkikata kwa akili mtapata makasha mawili, au hata matatu. Gawanyeni bei ya bati, ongezeni riveti, skrubu, viguzo, rangi, umeme, nauli na malipo ya mzee. Malipo yako pia yaandike, kijana. Biashara nyingi changa hufa kwa sababu mwenyewe hajihesabii.

Msishindane kwa bei na makasha ya kawaida yaliyojaa madukani, mtashindwa. Uzeni kile ambacho kiwanda hakikufikiria: kasha la kutundikwa ukutani katika saiba finyu, kasha lenye kufuli la ofisi ya shule, kasha lenye wavu maradufu kwa mwenye posho mill anayeweka hesabu zake penye unga. Mteja akiwa Bungoma na karakana iko Kitale, matatu itafikisha mzigo siku hiyo hiyo.

Mkitaka kufungua duka, pateni leseni ya biashara ya kaunti. Mkopo usubiri hadi makasha ya kwanza yalipiwe. Na likizo ijayo, kabla ya kununua hata riveti moja, nendeni kwa fundi wa masanduku aliye karibu nanyi, mkamwombe awafundishe kukunja bati.