Ukikwama kwenye Solitaire, usikimbilie kulaumu kadi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kukaa saiba moja mtaani. Intaneti ikipotea, wateja nao hupotea. Nilibaki mimi, kiti cha plastiki na Solitaire.

Wiki ya kwanza nilipigwa vibaya sana. Hapa hakuna jirani wa kutegea kama kwenye kadi za mtaani, wala mtu wa kumwambia "niko kadi". Kila nikikwama, jibu langu lilikuwa moja: nimepewa kadi mbaya. Ndilo jibu nililowapa pia walioniuliza kuhusu chuo.

Gemu hii ilienea kupitia Windows 3.0 mwaka wa 1990. Aliyeiandika, Wes Cherry, alikuwa kijana wa atachi tu pale Microsoft, na hakulipwa mrabaha wowote. Iliwasaidia watu wengi kuzoea kipanya: kushika kitu, kukivuta, kukiachilia.

Jina lake halisi ni Klondike. Kadi 28 hupangwa kwa safu saba, 21 zikiwa kifudifudi. Zile 24 zilizobaki ni rundo la akiba. Kazi yako ni kupandisha zote juu, kila alama na fungu lake, kutoka esi (A) hadi mfalme (K). Sasa, utashindaje?

Funua kwanza. Ukiwa na hatua mbili, chagua ile inayofunua kadi iliyolala. Anza na safu ndefu, maana ile ya saba imeficha kadi sita. Kuhamisha kadi kwa sababu tu inahamishika ni kujichosha bure.

Usimalize safu kama huna mfalme. Nafasi tupu hujazwa na mfalme pekee. Kama hayuko karibu, umejifungia mlango. Akiwepo, angalia rangi: mfalme mwekundu anahitaji malkia mweusi. Je, unaye?

Usipandishe kadi kwa pupa. Esi na namba 2 zipeleke juu mara moja. Zingine zifikirie. Ukipandisha 5 nyekundu mapema, ile 4 nyeusi itakaa wapi?

Soma rundo la akiba. Ukicheza kwa kufunua tatu tatu, kuchukua kadi moja hubadilisha mpangilio wa zinazofuata utakaporudia. Wakati mwingine pitia rundo lote bila kugusa kitu, uone kilichomo.

Rudi nyuma. Kwenye simu kuna kitufe cha kurudisha hatua. Si aibu kukitumia. Rudi hadi pale ulipochagua vibaya, ujaribu njia nyingine.

Kuna jambo lililonishtua. Watafiti walikokotoa kwa kompyuta wakapata kwamba katika mtindo huo wa tatu tatu, ukiruhusiwa kurudia rundo bila kikomo na kama ungekuwa unaona kadi zote, takriban gemu 82 kati ya 100 zina njia ya ushindi. Sisi hatuoni zilizofichwa, kwa hivyo tutashinda chache kuliko hizo. Na ni kweli kuna gemu ambazo hata ufanye nini, hazitoki.

Lakini mimi nilikuwa napoteza karibu zote. Hizo zote haziwezi kuwa kadi mbaya, bana.

Hapo ndipo nikaanza kufikiria chuo. Karo ilikuwa kadi mbaya kweli, hiyo siifichi. Nyumbani pesa hazikuwepo. Ila sikuwahi hata siku moja kubisha ofisi ya fedha niulize kama naweza kulipa pole pole. Nilifunga begi nikapanda matatu. Hiyo haikuwa kadi, ilikuwa hatua yangu.

Wiki iliyopita nilienda kuuliza. Nimepewa fomu, na sijui watasema nini. Kama hawatakubali, angalau nitajua ni kadi.