Adadi ya Watu wa Kakamega na Tabia Zake

Sensa iliyoanza usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 iliwakuta katika Kaunti ya Kakamega wanaume 897,133, wanawake 970,406, na huntha 40, ikiwa ni mara ya kwanza kwa sensa ya Kenya kuwahesabu peke yao. Jumla yao wote ikawa watu 1,867,579. Wakuu wa afya, wanapokadiria chanjo na vitanda vya wagonjwa, huikata adadi hiyo wakasema milioni moja na laki tisa kasoro kidogo, wala hawana lawama. Lakini mpenzi wa ilmu ya hesabu hataki ikatwe, kwani ataka kujua yagawanyika kwa ngapi pasipo kubaki kitu.

Kwa kuwa ni witiri, 2 haiingii. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 43, basi 3 haiingii. Nayo yaishia 9, basi 5 haina njia. Kwa 7 iko hila nzuri ambayo ingefaa ifundishwe shuleni zaidi ya inavyofundishwa. Ikate adadi tatu tatu kutoka kulia, upate 579, 867 na 1. Jumlisha ya kwanza na ya mwisho, iwe 580. Kisha itoe katika 867, ibaki 287, ambayo ni 7 mara 41. Siri yake ni kwamba 1,001 ni zao la 7, 11 na 13, hata kipimo kimoja chazihukumu zote tatu: 287 ukiigawa kwa 11 au kwa 13 yabaki 1, basi hizo zimekataa, na 7 imekubali.

Ukigawa kwa 7 wapata 266,797, na hapo ndipo penye taabu, kwa maana kuthibitisha kuwa hii ni namba tasa kwahitaji kuijaribu kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, 516 na ushei, nazo ni 97. Hakuna hata moja iingiayo. Watu wale, basi, wangegawanyika sawasawa katika mafungu 7 (au mafungu 266,797 ya watu saba saba), lakini katika majimbo 12 ya uchaguzi ya kaunti wangebaki watu 7. Wapiga ramli wasifurahi: mtoto mmoja tu angeongezeka katika jimbo la Shinyalu, adadi ingekuwa 1,867,580, yenye kugawika kwa 2, 4, 5, 10 na 20, na ile 7 ingetoweka.

Adadi iliyo zao la namba tasa mbili tu, kama hii ya Kakamega, ndiyo jamii ya zile ambazo wataalamu Rivest, Shamir na Adleman walizifanya kufuli la siri mwaka 1977, kwa kuwa kuzidisha ni kwepesi na kurudi nyuma ni kuzito mno. Yao ya tarakimu 129 ilipasuliwa mwaka 1994. Nyingine ya tarakimu 250, Februari 2020. Na zinazotumika leo kulinda siri za intaneti aghalabu zina tarakimu 617.