Kete Zisizo na Sura: Kazi ya Mikono kwa Watoto Wakati wa Likizo

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi wa hapa Bujora na Kisesa huleta mbele ya kamati ya msikiti swali lile lile: watoto wafanye nini baada ya darsa la asubuhi? Safari hii swali limekuja na nyongeza. Vijana wetu wameona katika simu jinsi wenzao wa Ulaya wanavyopaka rangi askari wadogo wa plastiki wanaotumika katika michezo ya mezani, kama ule uitwao Warhammer, uliotolewa Uingereza mwaka 1983. Wamevutiwa na kazi hiyo, nao wanataka kuijaribu. Je, inafaa? Na kama mzazi ana shaka nayo, awape nini badala yake? Tumeona vema kujibu katika ukurasa huu wa familia, kwa kuwa mzazi anayefunga mlango bila kufungua mwingine humfundisha mwanawe kupita dirishani.

Tuanze na hukumu. Maulamaa wametahadharisha sana juu ya kutengeneza sanamu za viumbe wenye roho. Hata hivyo, wengi wao wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo hilo, wakitegemea Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akicheza na wanasesere wake naye Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Wapo waliokuwa wakali zaidi, na hoja zao zinaheshimika. Lakini ipo njia ambayo haina mvutano. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha, alimsimulia onyo la Mtume (s.a.w.), na alipomwona amefadhaika alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Hakumwambia aache ufundi wake. Alimwonyesha pa kuupeleka.

Waislamu wa zamani waliufuata mwelekeo huo kwa ustadi mkubwa. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, imehifadhiwa seti ya sataranji iliyotoka Nishapur, Iran, ya karne ya 12. Kete zake zimefinyangwa na kupakwa rangi ing'aayo, upande mmoja feruzi na upande wa pili zambarau. Hakuna hata kete moja yenye uso. Tembo ni kinundu chenye ncha mbili mfano wa pembe zake, na mfalme hakuchongwa kama mtu, bali kama kiti cha enzi. Aliyecheza alimtambua mfalme kwa kukiona kiti chake.

Sisi wa Bujora hatuhitaji kusafiri ili kulielewa jambo hilo. Katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyo jirani nasi, yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Canada, lipo jengo la watemi lililopewa umbo la kiti chao cha enzi. Kila mtoto wa hapa anayeliona hujua kuwa linazungumzia utawala, ingawa halina kichwa wala macho. Basi fikra ya fundi wa Nishapur na ya wajenzi wa Bujora zimekutana, nasi tunaweza kuichukua na kuitia mikononi mwa watoto wetu.

Pendekezo letu ni kutengeneza kete za drafti. Mchezo huu vijana wanaujua; huuchezea vizibo vya soda juu ya ubao wa vyumba 64, kila mmoja akiwa na kete 12. Badala ya vizibo, upande mmoja uwe mitumbwi ya ziwani na upande wa pili uwe miamba ya Mwanza. Kete inapofika mstari wa mwisho na kuwa kingi, iondolewe na mahali pake pawekwe kigoda cha mtemi. Mabaki ya mbao laini kutoka kwa fundi seremala yanatosha. Mkubwa akate vipande visivyozidi sentimita 3, kisha watoto wavisugue kwa msasa mpaka visikwaruze kidole, na kuvifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kila kipande kibandikwe kwa nta juu ya kizibo cha soda, ili mtoto ashike kizibo na si kete yenyewe, kwani mafuta ya vidole huizuia rangi kushika.

Mkono wa kwanza ni wa rangi ya msingi, nyeupe au nyeusi, unaoziba vinyweleo vya mbao. Ukikauka kabisa, ndipo rangi yenyewe ifuate. Siri kubwa ya mafundi wa vitu vidogo ni kuizimua rangi kwa maji kidogo na kuipaka mara mbili au tatu, kila mkono ukingoja ule uliotangulia ukauke. Rangi nzito ya mara moja hujaza mikato na kuufuta uchongaji wote. Baada ya hapo mtumbwi upakwe rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, ambayo itatiririka na kutulia katika mifereji baina ya mbao zake, nayo ifanye kivuli. Kwa upande wa mwamba, anza na nyeusi, kisha chovya brashi katika rangi ya kijivu, ifute kwenye kitambaa hadi ikaribie kukauka, na uipitishe kwa wepesi juu ya migongo ya jiwe. Rudia kwa rangi nyeupe kidogo sana. Rangi itashika palipoinuka tu, na kipande cha mti kitafanana na mawe ya ufukweni, kama lile la Bismarck. Mwisho ni vanishi, ili rangi isibanduke kwa kushikwa.

Yapo mambo mawili ambayo mzazi asiyapuuze. La kwanza ni afya. Baadhi ya rangi za mafuta zinazopakwa milango na mageti huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Basi zitumike rangi za maji zilizoandikwa kuwa hazina risasi. Mtoto asiitie ncha ya brashi mdomoni ili kuichonga, na anawe mikono kabla ya kula. Thina na vanishi zishikwe na mtu mzima, mahali penye hewa, na vipande vidogo viwe mbali na mtoto anayetambaa.

La pili ni mchezo wenyewe. Sataranji ilizungumzwa sana na maulamaa. Katika madhehebu ya Shafi'i imehesabiwa kuwa makuruhu, na wengi wa madhehebu mengine wameikataza. Drafti hupimwa kwa mizani hiyo hiyo, na anayejiepusha nayo hana lawama. Huyo na azipange kete zake dirishani ziwe pambo. Anayewaruhusu wanawe kucheza asimamie masharti: pasiwe na dau hata la pipi, kwani kamari imekatazwa wazi katika Suratul Maida, pasiwe na matusi, na adhana ikilia ubao ufunikwe. Dadu tumeiacha kabisa, kwa sababu ya onyo lililopokewa kuhusu mchezo wa nardi.

Faida tunayoitafuta haiko katika ushindi wa mezani. Kijana anayeweza kungoja mkono wa kwanza ukauke kabla ya kupaka wa pili anajifunza subira, na subira hiyo ataihitaji katika hifadhi ya Qur'ani, katika biashara na katika ndoa yake. Basi mzazi akae naye, ashike brashi yake, na kazi iwe ya nyumba nzima.

Wabillahi tawfiq.