Samaki gani akae na nani? Tuulize kabla ya kujaza bwawa la nyumbani



Siku tulipofungua maji ya bwawa letu la kwanza, majirani walikuja na mabeseni. Tulikuwa tumengoja miezi 8. Tuliweka tilapia wakubwa kwa wadogo, jinsi tulivyowapata kwa muuzaji, bila kuuliza kitu. Maji yalipoisha tukakuta samaki wengi kupita hesabu, lakini karibu wote walikuwa urefu wa kidole. Sokoni hakuna aliyewataka. Tuliwapika na sombe siku mbili, habari ikaisha. Feza ya likelemba ya wamama 12 ilibaki ndani ya matope.

Hatukulogwa, wala hatukuibiwa. Tulikosa jambo moja tu: hatukujua samaki gani anakaa vizuri na samaki gani. Leo, wakati familia nyingi za Walikale zinarudi nyumbani baada ya kukimbia na zinaanza upya, naona mabwawa mapya, zile etangi, yanachimbwa karibu na vijito. Ninaandika ili kosa letu lisirudiwe. Makayabu inafika hapa kwa bei ya barabara mbovu, nyama ya pori inazidi kwenda mbali, na mtoto anayekula fufu bila kitoweo cha maana ndiye bwaki inamkamata.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Kule Ulaya watu wanafuga samaki ndani ya masanduku ya vioo sebuleni, kwa kuwatazama tu. Wengine wanafuga hata samaki wadogo wa rangi waliotoka katika mito ya Kongo yetu. Mfugaji mzuri wa kule, kabla ya kuchanganya samaki, anauliza: Huyu anakula nini? Atakuwa mkubwa kiasi gani? Anazaa namna gani? Sisi tunaofuga kwa ajili ya sufuria tunapaswa kuuliza maswali yaleyale, maana sanduku na bwawa dogo vinafanana: samaki hana mahali pa kukimbilia.

TILAPIA: MPOLE, LAKINI ANAZAA MNO

Tilapia nilotika ndiye samaki wa kuanza naye. Anakula uchafu wa kijani unaoota ndani ya maji, pumba za mchele, mchwa na mabaki ya jikoni. Hali wenzake wazima. Anapenda maji ya joto, nyuzi 25 mpaka 30, na hapo sisi wa huku chini msituni tuna bahati. Dada zetu wa milima ya Masisi wana maji ya baridi. Tilapia wao wanakua polepole, basi wasikate tamaa wakichelewa kuvuna.

Shida yake ni uzazi. Jike anabeba mayai mdomoni na anawalinda watoto humo humo, kwa hiyo wengi wanapona. Akifikisha miezi mitatu au minne anaanza kuzaa, na katika maji ya joto anarudia kila baada ya wiki chache. Bwawa linajaa, chakula kinagawanywa kwa vinywa vingi, na wote wanadumaa. Ndicho kilichotupata sisi. Na hatukuwa wa kwanza: wakati wa Wabelgiji, kufikia mwisho wa miaka ya 1950, mabwawa zaidi ya 100,000 yalikuwa yamechimbwa katika Kongo. Baada ya uhuru mengi yaliachwa, na samaki waliodumaa ni sababu moja iliyowachosha watu.

KAMBALE: MLINZI ANAYEPUNGUZA

Kambale anakaa chini, kwenye matope. Anakula karibu kila kitu, pamoja na samaki wadogo. Wengi wanamwogopa kwa sababu hiyo, lakini hiyo ndiyo kazi tunayomtafutia: ale watoto wa tilapia wanaozidi, ili wale wa kwanza wapate nafasi ya kunenepa. Yeye mwenyewe hazai kwa urahisi ndani ya bwawa, kwa hiyo hatakujazia maji.

Lakini kuna utaratibu. Kambale anameza chochote kinachoingia mdomoni mwake. Ukimweka mkubwa siku moja na tilapia wadogo, utavuna kambale peke yake. Basi:

1. Weka tilapia kwanza, wote wa kimo kimoja.
2. Ngoja kama mwezi mmoja.
3. Ndipo weka kambale, na awe mfupi kuliko tilapia waliomo.
4. Kambale mmoja kwa tilapia 10 anatosha.

WASIOFAA

Tunajua sote kukausha kijito kwa beseni na kuvua kwa kikapu. Usichukue kila kilichoingia kikapuni ukakitupa bwawani. Yule samaki wa matope mwenye kichwa kama cha nyoka, ambaye wasemaji wa Lingala wanamwita mongusu, ni mwindaji mkali. Atamaliza tilapia wako wakubwa kwa wadogo. Tena kambale mzee aliyeingia kwa mfereji wakati wa mvua ni hatari vilevile. Ndiyo maana mdomo wa maji ya kuingia unafungwa wavu au kikapu chenye matundu madogo, na wa kutokea pia. Hata kwenye bwawa la zamani, kausha kabisa kabla ya kupanda samaki wapya, maana kambale anaweza kujificha matopeni.

NYUMBA YA SAMAKI

Kwa kikundi kinachoanza, mita 10 kwa 10 inatosha. Chagua udongo wa mfinyanzi: finyanga donge, lirushe juu, ulidake. Likipasuka, maji yatapotea. Upande mmoja uwe na kina cha sentimita 60 au 70, upande wa kutokea maji ufike mita moja. Bomba la mwanzi linatosha. Maji yasitoke kwenye machimbo, wala mahali pa kufulia nguo.

Kwenye pembe moja jenga zizi dogo la fito ndani ya maji, likichukua kama sehemu moja ya kumi ya bwawa. Lijaze majani mabichi, samadi ya mbuzi au kuku, na maganda ya ndizi. Baada ya wiki moja au mbili maji yatakuwa ya kijani. Ingiza mkono mpaka kiwiko: ukiona vidole vizuri, ongeza samadi na majani, usipoviona, samaki wana chakula.

Watoto wa samaki wabebwe asubuhi na mapema, ndani ya bidoni lisilojazwa sana. Mkifika msiwamwage. Ongezeni maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya bidoni mpaka joto lilingane, kisha walazeni bidoni wajitokee wenyewe. Kwa bwawa hilo la mita 100 za mraba, tilapia 200 na kambale 20 wanatosha. Ukiongeza idadi, huongezi kilo. Unapunguza mwili wa kila mmoja.

Walishe mahali pamoja na saa ileile. Wakiacha kula, acha kutupa. Ukiwakuta alfajiri wanapumua juu ya maji vinywa wazi, pumzi imepungua majini: simamisha samadi na uingize maji mapya. Kambale hatakuonyesha dalili hiyo mapema, maana anaweza kuvuta hewa ya juu; mtazame tilapia.

Fyeka nyasi za kandokando ili mbu wasipate maficho, na zungushia uzio. Bwawa lenye kina cha mita moja linaweza kumuua mtoto.

HESABU YA JIKONI

Tuseme baada ya miezi 6 tilapia 150 wamefika gramu 150 kila mmoja. Hizo ni kilo 22 na nusu, bila kuhesabu kambale. Si utajiri. Lakini kikundi kikiuza nusu, kinapata feza ya mbegu nyingine, na nusu inabaki nyumbani.

Na wale wadogo watakaopatikana bado wasitupwe, kama tulivyowadharau sisi mara ya kwanza. Wakaushe juu ya moto, uwatwange pamoja na mifupa mpaka wawe unga, uchunge vizuri, kisha utie kijiko ndani ya uji wa mtoto. Mifupa hiyo inajenga mifupa yake.

Bwawa letu la pili tulilipanda kwa kufuata utaratibu huu. Siku ya kukausha hatukupata samaki wengi kama mara ya kwanza. Tulipata wachache zaidi, wa kujaa kiganja, na kila mama alirudi nyumbani na wa kupika na wa kuuza. Basi kabla ya likelemba kutoa feza, kaeni chini mumwulize muuzaji: hawa ni samaki gani, wana umri gani, na wote ni wa kimo kimoja? Asiyeweza kujibu, msinunue kwake.